Pesa za Tangi

Mkunga alikuwa ameinama, mikono imeshika chuma, alipomwona mumewe kwenye kioo.

Jimu ile ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Zamani chumba kile kirefu kilikuwa ghala la magodoro, na sasa ukuta wake mmoja mzima ulikuwa kioo, kwa hiyo aliyekuwa akifanya mazoezi aliweza kumwona kila anayeingia bila kugeuka. Mkunga aliona kwanza begi la kijani, lile alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe siku mumewe alipoondoka kwenda kwenye mradi wa daraja. Akaiona kofia ya kazi ikining'inia kwenye begi. Kisha akauona uso, umeungua jua na kukonda kidogo mashavuni. Alimtarajia kesho yake jioni, si leo Jumamosi asubuhi, na wala si mahali hapa.

Mumewe alikuwa dereva wa winchi, zile mashine ndefu zinazopandisha nondo na zege juu ya majengo, na marafiki zake walikuwa wakimwita Winchi tangu kabla ya ndoa. Alisimama mlangoni akiangaza macho mtu mmoja mmoja. Aliwatazama wanawake wawili waliokuwa kwenye mashine za kukimbilia. Akamtazama mama mmoja mnene aliyeketi kwenye benchi akijifuta jasho, na kwa huyo macho yakakaa muda mrefu kidogo, huku uso wa Winchi ukilegea. Yule mama alipoinua kichwa, Winchi akakwepesha macho haraka. Yakampitia Mkunga mgongoni, yakaenda zake.

Hakumjua.

Mkunga alikiona kitendo hicho chote kwenye kioo, na chuma kikamzidi uzito mikononi.

"Shusha taratibu," Kocha alimwambia. "Usikitupe. Mgongo ni wako, si wangu."

Kocha alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, aliyewahi kurusha mkuki enzi za chuo na ambaye hadi leo alitembea kama mtu anayetafuta nafasi ya kurushia. Alipoona Mkunga amekishusha chuma salama, alikwenda mlangoni.

"Karibu, bwana. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Kocha." Winchi alikuwa ametanua miguu, sauti kaishusha, mtu aliyekuja kwa shari.

"Ndiye mimi."

"Kocha mwenyewe? Anayemfundisha yule mkunga wa hospitali?"

"Ndiye huyu huyu unayemwona. Kuna tatizo?"

Mabega yakamshuka Winchi, pumzi ndefu ikamtoka, na Mkunga akaiona ahueni ikimtandaa usoni mwanamume aliyeishi naye miaka yote hiyo. Hapo alielewa kila kitu bila kuambiwa. Mtu alikuwa amempigia simu mumewe, na mtu huyo hakuwa mwingine ila wifi yake. Kilichomkera zaidi hakikuwa ile simu. Kilikuwa ile ahueni.

"Baba watoto," aliita.

Winchi akageuka. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akarudi chini, akapanda tena polepole, na macho yake yakagota kwenye shingo, mahali ambapo mfupa wa bega ulikuwa umejitokeza baada ya miaka mingi ya kujificha.

"Mama watoto," alisema hatimaye. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Kaa hapo kwenye benchi. Sijamaliza."

Angeweza kuacha. Kocha mwenyewe alimwashiria kwamba si neno, aende. Lakini Mkunga aliinama tena akakishika chuma, akanyanyua, akashusha taratibu, akanyanyua, huku mumewe ameketi pembeni ya yule mama mnene, begi mapajani, magoti yamekutana, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

* * *

Waliteremka ngazi bila kusemezana. Barabarani jua lilikuwa limeshakolea. Mbele ya duka vijana walikuwa wakipakia mabati kwenye mkokoteni kwa kelele nyingi, na ilibidi wavuke upande wa pili ndipo wasikilizane.

"Dada yako alikupigia simu," Mkunga alianza.

"Alinipigia."

"Akasemaje?"

Winchi alihamisha begi bega moja hadi jingine. "Akasema unaamka alfajiri. Unavaa nguo za kubana, juu yake unatupia dera, unatoka. Akasema simu yako ikilia ni Kocha. Kocha kasema usichelewe, Kocha kasema usile mkate. Akasema umenunua viatu."

"Hata viatu vikawa ushahidi."

"Sikusema ushahidi. Nilisikia, nikaomba ruhusa, nikapanda basi la kwanza. Wewe ungefanyaje?"

"Ningepiga simu kwanza."

Walipita kwa fundi saa, wakapita mbele ya saluni iliyokuwa ikifunguliwa. Kisha Winchi akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe, "Haya, nimemwona Kocha. Roho yangu imetulia."

"Imetulia kwa nini?"

"Si unajua."

"Sijui. Niambie."

"Kwa sababu ni mwanamke, mama watoto."

Mkunga alisimama. Mpita njia mmoja nyuma yao nusura amgonge, akamzunguka huku akiguna.

"Na angekuwa mwanamume?"

"Usinigeuzie maneno."

"Siyageuzi, nakuuliza. Ningekuwa mimi yule yule, nimeshika chuma kile kile, jasho hili hili. Angekuwa mwanamume, mimi ningekuwa na kosa gani?"

Winchi alitazama viatu vyake, akatazama barabara. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alipobanwa hakujua kudanganya. Hilo ndilo lililomfanya Mkunga ampende tangu siku za mwanzo.

"Zingepigwa ngumi pale," alisema. "Halafu ningejuta."

Kicheko kilimpanda Mkunga kooni akakimeza. Hakutaka kucheka bado.

"Yule Kocha angekupiga hata akiwa mwanamke," alisema, akaendelea kutembea.

Hatua chache mbele Winchi akauliza lile Mkunga alilokuwa akilingoja. "Mahali kama pale si pa bure. Umelipa na nini?"

"Pesa za tangi."

"Pesa za tangi zipi?"

"Zile zile."

Wakunga na wauguzi wa pale hospitali walikuwa na kikundi chao cha akiba. Kila mwezi walichanga, na kila mwezi mmoja wao akaondoka na kitita. Zamu ya Mkunga ilifika wakati Winchi yuko mbali, na kabla hata haijafika ilikuwa imeshapewa kazi na jina. Zilikuwa pesa za tangi, lile tangi kubwa la maji la kuwekwa juu ya nguzo nyuma ya nyumba, maana maji ya bomba mtaani kwao yalikuja yakijisikia. Winchi alikuwa ameshachora hata nguzo zenyewe.

"Zote?" aliuliza.

"Nimelipia mwaka mzima. Kocha, na mtaalamu wa lishe. Na hivyo viatu."

"Tulikubaliana, mama watoto."

"Tulikubaliana vipi? Wewe ulikuwa ukizungumza kwenye simu, mimi nikiitikia mmh. Lini uliniuliza nataka kuzifanyia nini?"

Winchi alilikaza begi begani, wakaendelea na njia hadi nyumbani.

* * *

Wifi alikuwa uani, anaosha sufuria. Alikuwa dada mkubwa wa Winchi, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na nyumba yake ilipakana na yao kiasi kwamba mtu akikohoa huku, huko wanamwitikia pole. Jumamosi alikaa na watoto. Alipowaona wakiingia pamoja aliinua kikombe, akachota maji kwenye ndoo, akayamimina juu ya sufuria kidogo kidogo, kwa makusudi, kila mtu aone maji yanavyohesabiwa.

"Mmekutana," alisema.

Watoto wawili wakubwa walimrukia baba yao. Kitinda mimba, ambaye baba yake alimwacha akitambaa, alijificha nyuma ya sketi ya shangazi na kumchungulia mgeni. Winchi alichuchumaa akamnyooshea mikono. Mtoto akaangua kilio.

"Mwache, atakuzoea," Wifi alisema. "Ugeni ni mwingi humu ndani siku hizi."

"Wifi," Mkunga alisema, "kama una neno, liseme bila kulizungusha."

"Ninalo, na nitalisema." Wifi alikausha mikono kwenye nguo yake. "Mimi nimezaa watano. Nilijifunga shuka tumboni, nikaendelea na maisha. Sikuona haja ya kumlipa mtu anitazame nikiinama na kuinuka. Kuinama na kuinuka tunafanya bure humu ndani, ukideki, ukifua. Wewe umechukua maji ya watoto hawa ukaenda kuyalipia mbio. Na mbio zenyewe za kukimbia mahali pamoja."

"Wewe umezaa watano, na mgongo haukupi usingizi. Kila wiki unanituma dawa ya kuchua."

"Mgongo wangu umeingiaje kwenye mazungumzo haya?"

"Umeingia wenyewe."

Binti mkubwa alicheka, akatazamwa, akanyamaza.

"Sawa, nichekeni," Wifi alisema. "Lakini ndugu yangu anahangaika huko juu ya machuma, upepo unampiga, na huku mkewe anapungua kila siku, hakuna ajuaye anapungulia wapi wala kwa ajili ya nani. Mimi dada yake ninyamaze? Nikinyamaza nitaitwa dada gani?"

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ulinijibu una zamu ya alfajiri wodini."

Hilo lilikuwa kweli. Mkunga alimwona mumewe akisimama polepole kutoka pale alipokuwa amechuchumaa.

"Zamu ya alfajiri," Winchi alisema. "Hata mimi uliniambia hivyo. Kila nilipopiga simu mapema nikasikia vishindo, ukaniambia ni vitanda vinasukumwa."

"Ndiyo."

"Vilikuwa vyuma."

"Vilikuwa vyuma, ndiyo."

Wifi alikuwa ametaka ugomvi, na ugomvi aliuweza, lakini uso wa mdogo wake ulikuwa na kitu kingine. Winchi alimgeukia.

"Dada, nashukuru kwa kuniangalizia nyumba. Sasa nenda na watoto kwako hadi alasiri. Yaliyobaki ni ya watu wawili."

"Siku hizi nafukuzwa."

"Hufukuzwi. Unaombwa."

Wifi alimbeba kitinda mimba mgongoni, akawaswaga wale wengine mbele yake. Wakubwa hao walikwenda kwa furaha tele, kwa sababu kwa shangazi kulikuwa na televisheni na hakuna aliyewapangia muda. Mlango wa uani ulipofungwa, nyumba ikawa kubwa ghafla.

* * *

Mkunga alibandika maji ya chai kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Winchi alikaa kwenye kiti chake cha zamani jikoni, kile kinachotikisika, akakitikisa kidogo kuona kama bado.

"Pesa ninazimeza," alisema. "Zinanikwama, lakini nitazimeza. Uongo ndio sielewi. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema tangi."

Winchi alifikiri. "Ningesema tangi," alikubali.

"Basi ndiyo hiyo sababu."

"Siyo yote. Nakujua. Ungenipigia kelele, ungezichukua, zingekuwa zimekwisha. Hujawahi kuniogopa."

Maji yalianza kuunguruma. Mkunga alitia majani, akaupunguza moto, akabaki amelielekea jiko, mumewe amempa mgongo.

"Siku moja mzazi alishindwa kupanda kitandani," alisema. "Alizalia chini, pembeni ya kitanda, kwenye shuka. Nikapiga magoti, nikampokea mtoto, kila kitu salama. Halafu nikataka kusimama. Magoti yakakataa. Nikashika kitanda, nacho kina magurudumu, kikaniponyoka. Unajua nani alininyanyua? Yule mzazi. Amejifungua hata dakika haijapita, akanipa mkono, akaniambia, pole, dada, jikaze. Yeye ananiambia mimi nijikaze."

Winchi hakucheka, na Mkunga akamshukuru kimoyomoyo.

"Nilikwenda stoo ya dawa nikalia. Si kwa aibu tu. Nilifikiria kitinda mimba, nikaona akianza kukimbia sitamfukuza, nitakuwa mama wa kuita kutoka kwenye kiti. Hiyo ni nusu ya sababu."

"Na nusu nyingine?"

Alimimina chai kwenye vikombe viwili. Aliweka kimoja mbele ya mumewe, akakaa mkabala naye, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakatazamana ana kwa ana bila kioo kati yao.

"Kwenye harusi ya binamu yako. Nilikuwa na kitinda mimba mgongoni, ana miezi michache. Mjomba wako ambaye hakuwa ananijua akakuuliza, huyu ndiye mke wako? Ukanishika bega, ukacheka, ukamwambia, mjomba, huyu alikuwa mzuri huyu, acha kabisa. Meza nzima ikacheka."

"Sikumbuki," Winchi alisema.

"Najua hukumbuki. Mimi ndiye ninayelala nalo."

"Nilikuwa nakusifia."

"Ulisema alikuwa."

"Nilikuwa namsimulia tulivyokutana, kule kituo cha afya, nilipokuja na kidole kimepondeka. Ni hadithi ya zamani, lazima useme alikuwa."

"Nilikuwa nimesimama pale pale, baba watoto. Mkono wako uko begani kwangu. Marehemu ndiye anayesemwa alikuwa."

Winchi alikuwa ameinua kikombe. Alikirudisha mezani bila kunywa. Mkunga aliona akiitafuta harusi ile kichwani, akaona alipoipata, kwa maana masikio yalimwiva. Alingoja ajitetee tena. Hakujitetea.

"Nisamehe," alisema akitazama meza. Kisha akainua macho na kulisema tena, safari hii kwake. "Nisamehe, mke wangu."

Mkunga aliitikia kwa kichwa.

"Sasa nina taabu," Winchi aliendelea. "Nikisema leo umependeza, nitakuwa nimerudia lile lile kwa mlango wa nyuma."

"Ndiyo."

"Na nisiposema?"

"Utakuwa umeninyamazia."

"Basi nimekwama."

"Umekwama."

Hapo wakacheka, wote wawili, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Kilipoisha, Winchi alivuta kiti karibu na meza.

"Nikwambie kitu cha kule jimu. Nilikutazama, nikakupita."

"Nilikuona kwenye kioo."

"Uliniona?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Basi uliona namtazama nani. Yule mama kwenye benchi. Nilimwona kwa ubavu, nikasema moyoni, yule pale, ndiye. Nilikuja nimejaa hasira, lakini nilipomwona nilifurahi, nikasahau hata nilichofuata. Halafu akainua kichwa, si wewe." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe. "Mtu akikaa kule juu hana wa kusema naye. Ni yeye na upepo na redio ya kuambiwa shusha, pandisha. Mimi nilikuwa nakukumbuka wewe. Nilikukumbuka nilivyokuacha, vile vile, na hata siku moja sikukupunguza."

Mkunga alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, kwa lawama na kwa sifa na hata kwa ngumi mezani, lakini hili halikuwa miongoni mwake, na machozi yakamtoka kabla hajayapangia. Winchi hakumbembeleza. Alimwacha alie, akanywa chai yake, akangoja.

"Kuna jambo nililokuwa nalo kabla dada hajapiga simu," Winchi alisema, mkewe alipokwisha kujifuta. "Mkandarasi anataka nibaki. Daraja likiisha wanahamia kwenye jingine, mbali zaidi. Mwaka, labda na ziada. Mshahara unapanda. Tangi lingepatikana mara moja, na kibaraza tungemalizia. Wanataka jibu Jumatatu."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia namuuliza mke wangu."

Mkunga alijua kinachofuata. Mambo ya namna hii walikuwa wakiyafanya kwenye simu, na yeye huitikia mmh, kisha husema, wewe unaonaje, naye Winchi huona, na linalofuata ni begi la kijani. Neno lenyewe lilishafika mdomoni. Akaliacha lipite.

"Sitaki uende."

Winchi aliinua nyusi. "Hata ukisikia mshahara wenyewe?"

"Usinitajie. Sitaki uende. Wala si kwa sababu ya maneno ya dada yako, na Kocha naye hamo humu. Nataka ulale hapa. Nataka mtoto wangu asikulilie ukimshika. Kuna jengo la ghorofa linapanda karibu na hospitali, winchi ninaiona dirishani kila siku. Ina mtu anayeiendesha, na huyo mtu anahitaji wa kupokezana naye. Kaulize."

"Wale wanalipa kidogo."

"Tutachota maji kwa ndoo. Siku hizi nabeba mbili kwa mpigo."

Alisema hivyo bila majigambo, kama anayetaja saizi ya kiatu, na Winchi akamtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama hata pale jimu. Kule alimtazama kama kitu kilichobadilika. Sasa alikuwa anamsikiliza.

"Na jimu?"

"Naendelea. Mwaka nimeshaulipia, na ukiisha nitalipia mwingine. Nikikosa pesa nitakimbia barabarani, lakini siachi."

"Sikusema uache. Nauliza, ukitoka alfajiri, nani anawavisha watoto?"

"Wewe."

Winchi alikuna kidevu. Alimtazama mkewe, akatazama mlango alimopitishwa kitinda mimba akilia mgongoni mwa shangazi yake.

"Haya," alisema. "Jumatatu nawapigia, nawaambia mke wangu amekataa."

"Waambie wewe umekataa."

"Nitawaambia tumekataa."

Alisimama, akaizunguka meza, akasimama mbele yake. Mkunga naye akainuka. Mkono wa Winchi ulikwenda kiunoni kwa mazoea ya miaka, ukasita hewani, kwa kuwa pale ulipozoea kutua palikuwa pamehama. Akabaki ameuinua, hajui auweke wapi, mwanamume mzima anayeweza kutua tani za nondo juu ya nguzo nyembamba bila kuikwaruza.

Mkunga aliushika mkono ule. Aliupitisha chini ya fulana, akauweka tumboni, chini ya kitovu, mahali ambapo ngozi ilikuwa imelegea na kukunjana, laini, yenye michirizi ya watoto watatu. Hapo hakuwa amemwonyesha mtu, hata Kocha alipaona juu ya nguo tu.

"Hii bado ipo," alisema. "Kocha anasema haitaondoka hata nikilipa miaka kumi."

"Nani kamuuliza?" Winchi alisema, na mkono haukuondoka.

Kutoka nyumba ya pili ilisikika televisheni ya Wifi, na watoto wakicheka kwa sauti moja. Alasiri ilikuwa bado mbali. Mkunga alinyoosha mguu nyuma yake, akausukuma mlango wa jikoni kwa kisigino hadi ukafungika.